Mshale wa Mlangoni kwa Bi Mwanakhamis

Nimeendesha baiskeli Bombay na Hamburg, katikati ya matramu, sikumgusa mtu. Jumatano asubuhi, mtaani kwetu Mkunazini, nikaruka nayo kizingiti hadi ukumbini kwa Bi Mwanakhamis, akichuja tui, na gurudumu la mbele likaishia bakulini. Kosa si langu. Wiki hiyo ofisi ya ramani ya mji ilikuwa ikijaribu vichochoro vya njia moja: baiskeli na rikwama zote zifuate mishale ya chokaa. Pale ukuta ulipokosekana, mshale ukapakwa kwenye ubao wa mlango wake. Mlango ulikuwa wazi, mshale ukaelekea ndani, nami nikautii. Alasiri yake niko barazani, goti limefungwa bandeji, na Usi, karani wa ofisi hiyo, kafungua daftari: mtaa useme leo, mishale ibaki au ifutwe.

— Futa, nikasema. Ulaya mshale haukupeleki kwenye tui.

— Futa, akasema Borafya, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Nimeifuata yote. Yote yashukia pwani, Forodhani, wa kurudi hakuna. Mwezi ukiisha mji mzima uko Forodhani. Na maji yakimwagika hayazoleki.

— Basi ifuate bahari, nikasema. Maji yakijaa twende, yakitoka turudi.

— Na siku za bamvua, bahari ikijaa kupita kiasi? akauliza Redio.

— Kila mtu abaki kwao.

Usi, masikini, akaandika “bamvua”.

Mcha, hamali wa kusukuma rikwama, alikuwa hajagusa kahawa yake.

— Msifute, jamani. Mwezi uliopita nlikutana na Vespa uchochoroni, nna magunia manane ya mchele. Yeye hataki kurudi, mie siwezi. Rikwama ikanirudia kifuani. Tangu mishale hii, sijakutana na mtu uso kwa uso.

— Mbavu hupoa, Mcha, akasema Redio. Usi, andika futa.

Usi kashaishika kalamu, Bi Mwanakhamis huyo, buibui begani. Tukamwamkia sote.

— Marahaba. Wiki nzima hii, mbali na huyu bwana, nani mwengine kaumia?

— Hakuna, akakiri Redio.

— Basi andika ibaki. Huo wa kwangu uhamishie ukuta wa jirani.

Usi akaandika. Mcha akainywa kahawa yake kwa funda moja.

— Na mie je, Bi? nikasema. Mshale ulinambia nipite.

— Mlango wa mtu hupigwa hodi.