Leseni ya Mama Wanja Niliyoibandika Jina Langu

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu nyote, wa mbele na wa nyuma, na mama wale wanaokaa karibu na mlango kwa ajili ya watoto. Bwana asifiwe! Asifiwe tena, kwa sababu mtu kama mimi bado anaitwa ndugu miongoni mwenu.

Mimi ni Wambui wa Gatongora, hapa Ruiru. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mahali nimeandika vibaya mnivumilie. Mmezoea kuniona nikicheka kwenye kwaya. Leo sina kicheko kingi. Nimeomba niandike badala ya kusimama, kwa sababu nikisimama nitalia kabla sijafika katikati, na ninyi mtanipigia makofi ya kunifariji, na hiyo siyo haki.

Nilikuwa nashona madoli ya vitambaa. Mafundi wa nguo wa Thika walikuwa wakinipa mabaki, nakata, nashona, najaza sponji, naweka nywele za uzi. Kila doli nililipa jina. Nilikuwa naota mchana kweupe, ndugu zangu! Nilikuwa najiona nimejengea mama yangu nyumba ya mawe, na kwa mlango kuna kengele.

Kibanda hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mama Wanja, mjane ambaye wengi wenu mnamjua, anayefuma sweta za shule kwa mashine pale sokoni Thika. Alinionea huruma akanipa pembe moja, bila karatasi, bila masharti. Siku ya kwanza aliangalia madoli yangu yamepangwa kwa mstari akasema, "Kairetu, msichana wewe, hawa watoto wako hawalii?"

"Wamelala, Mama."

"Afadhali. Wangekuwa wa kulia ningewarudisha wote Ruiru na mama yao."

Basi hivyo ndivyo tulivyokaa, karibu miaka miwili. Juu ya mlango, ndani ya fremu ya kioo, ilikuwa leseni yake ya biashara. Jina lake limechapwa kwa taipureta katikati. Askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, wakipita, yeye haongei. Anaonyesha juu kwa kidole tu, na wanapita. Nami napita pamoja naye, kwa sababu nilikaa chini ya karatasi hiyo. Sikuwahi kujiuliza kama mimi ninayo yangu.

Sasa, orofani karibu na soko kulikuwa na kijana anaitwa Kimani, mwenye taipureta mbili, mashine ya fotokopi na kompyuta moja iliyofungwa kwa waya wa simu. Kimani aliniambia siku hizi mtu anaweza kumuuzia mtu wa ng'ambo kitu alichotengeneza kwa mkono bila kutoka Thika. Nikamwambia, "Wee Kimani, wacha uongo. Doli lipite kwa waya?"

"Si doli, ni picha. Doli litaenda na posta. Wambui, wewe pia!"

Alipiga madoli yangu picha, akaiingiza kwa mashine yake, akamtumia mama mmoja wa ng'ambo anayeuza vitu vya mikono kwenye intaneti. Siku chache baadaye jibu likaja. Kimani alinisomea polepole kwa Kiswahili nami nikashika meza. Huyo mama aliyapenda! Aliyataka kabla ya Krismasi. Lakini alisema kwanza nimtumie fotokopi ya leseni yangu ya biashara, yenye jina langu na mahali ninapofanyia kazi, na barua ya kueleza doli limejazwa nini ndani na kama macho yake yanaweza kung'olewa na mtoto. Alisema ni sheria ya kwao, hawezi kuuza kitu asichojua kimetoka kwa nani. Na alitaka hayo yote ndani ya wiki moja.

Nilikwenda ofisi ya leseni. Nilimkuta karani mmoja mzee, mpole sana. Akaniambia, "Msichana, leseni haichumwi kama mboga ya sukuma. Unafanyia kazi wapi?"

"Kwa kibanda cha Mama Wanja."

"Leta barua yake kwamba amekuruhusu. Halafu tutakuja tukague mahali. Na kama unataka jina la biashara, hilo utaliandikisha Nairobi."

"Itatoka wiki hii?"

"Wiki hii hapana. Lakini itatoka."

Ndugu zangu, sikieni vizuri. Njia ilikuwa wazi! Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniomba chochote. Nilihitaji barua moja tu ya mtu anayenipenda, na subira. Lakini Mama Wanja alikuwa amekwenda Murang'a kumzika ndugu yake, asingerudi kwa siku nane. Aliniachia funguo za kibanda. Nami nikaona ndoto yangu inaondoka.

Nikapanda kwenye stuli nikashusha ile fremu.

Nilimwomba Kimani anipigie taipu jina langu kwenye kikaratasi chembamba. Nikakipaka gundi ya unga wa ngano, nikakibandika juu ya jina la Mama Wanja. Kwenye leseni yenyewe. Nilikuwa na hesabu yangu: nitatoa fotokopi upesi, halafu nibandue kikaratasi gundi ingali mbichi, nani atajua? Kimani alipoishika aliniangalia.

"Wambui, hii umeipata lini?"

"Juzi."

"Na imezeeka hivi?"

"Wewe toa fotokopi, bwana."

Akacheka, akawasha mashine. Kabla karatasi haijatoka, stima ikapotea. Thika nzima! Tukangoja. Tulikaa pale mpaka saa kumi, nikimweleza Kimani juu ya nyumba ya mawe, na gundi ikikauka. Stima ikarudi, fotokopi ikatoka nzuri, safi, jina langu katikati kama nimezaliwa nalo humo. Nilipokwenda kubandua kile kikaratasi, kilikuja na jina la Mama Wanja. Chote. Pale katikati pakabaki manyoya meupe ya karatasi, na nusu ya herufi moja.

Nilijaribu kupalainisha kwa kidole. Nikazidi kupaharibu. Basi nikarudisha kioo, nikapanda stuli, nikaitundika. Ukisimama chini huoni kitu. Nikajiambia Mungu ni mwema. Ndiyo, ndugu zangu, nilimshukuru Mungu.

Mama Wanja alirudi amekonda, na kilemba cheusi. Aliniletea viazi vitamu vya kwao. Akanishika bega akasema, "Asante kwa kunichungia, mwanangu." Nilikula vile viazi.

Mwisho wa Novemba askari walikuja kukagua, na safari hii hawakupita. Mama Wanja akaonyesha juu kwa kidole, kama kawaida. Mmoja akasema, "Leo tunashusha zote, Mama." Akashusha. Akafuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Jina liko wapi?"

"Si hilo hapo katikati?"

"Hapa pamekwanguliwa. Hii ni leseni ya nani?"

Mama Wanja aliisogeza karibu na macho. Nilimwona akitafuta jina lake kwenye karatasi yake mwenyewe. Halafu akasema, taratibu, "Labda ni mende. Mende wa soko hili wanakula hata sabuni."

Watu wa vibanda vya jirani walicheka. Askari naye akacheka. "Mende anayejua kusoma! Amekula jina tu, tarehe ameacha!"

Mama Wanja akanigeukia. "Wambui, waambie. Wewe unaijua leseni yangu."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nikaitoa, nikasema, "Ni yake." Basi. Maneno mawili, na yote mawili kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Walimwambia kuharibu karatasi ya serikali ni kosa, itabidi aeleze kortini. Alipokuwa anaondoka nao alinigeukia mara moja tu. "Funika mashine, mvua inakuja."

Akina mama wa kanisa walimtolea dhamana, akarudi nyumbani kesho yake. Lakini kibanda kilifungwa mpaka kesi isikizwe, na mashine ya kufuma ikafungiwa ndani. Na ninyi mnajua mfumaji wa sweta za shule anakula Januari. Desemba ndiyo ya kufuma, Januari wazazi wanakuja. Desemba hiyo Mama Wanja alikaa kwenye kiti hapa Gatongora, mikono kwenye mapaja, akiangalia barabara.

Mimi je? Mama wa ng'ambo, niliyemtumia ile fotokopi na barua, aliandika kwamba leseni yangu imempendeza! Nilishona madoli chumbani kwangu na mlango nimefunga. Nilikuwa sili vizuri. Kila nikiona mtu wa yunifomu, hata mwalimu wa skauti, nabadilisha njia. Nilijiambia, nikiuza nitamsaidia. Nikajiambia, hakimu atamwonea huruma, ni mjane. Shetani hana haja ya kukupa maneno mapya, ndugu zangu, anachukua yako mwenyewe anayapanga vizuri.

Alhamisi moja alasiri ushirika wetu ulikuwa kwa Mama Wanja. Tulikuwa kumi na mmoja. Mama mmoja, sitamtaja, akasema, "Huyo aliyekwangua jina la mjane, Mungu amkaushe mkono!" Wengine wakasema amina. Mimi pia nilisema amina. Ilitoka tu.

Mama Wanja akasema, "Hapana. Tusiombe hivyo nyumbani kwangu." Akainamisha kichwa akaomba mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Bwana, aliyefanya hivi kama alikuwa na shida, kwa nini hakuniambia? Ningempa. Mwambie ningempa."

Hapo nilivunjika. Sikuanguka, sikupiga kelele. Nilisimama katikati ya maombi, watu wakiwa wamefumba macho, nikasema, "Ni mimi. Ni mimi, Mama. Nilitaka leseni ya kuuza madoli ng'ambo." Nikaeleza yote, gundi, stima, viazi vitamu.

Nilikuwa nimesikia shuhuda nyingi, na katika shuhuda watu hukumbatiana. Mama Wanja hakunikumbatia. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile niliposema ni mende, wewe ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaniacha niseme."

"Ndiyo."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilikwenda kwa Kimani siku iyo hiyo, nikamwandikia mama wa ng'ambo kwamba leseni ile siyo yangu na mimi sina. Kimani alichapa bila kunitazama. Jibu halikuja, mpaka leo. Januari, siku ya kesi, nilifika kortini Thika mbele ya Mama Wanja. Nilipoitwa, nilishika ubao kwa mikono miwili. Lakini ndugu zangu, nilipofungua mdomo wangu, kile kitu kilichokuwa kimenikaba tangu Oktoba kiliniachia! Nilisema kila kitu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Sikuwa na wakili, sikuwa na kisingizio, na sikuwa na hofu. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Siyo wakati mambo yalikuwa mazuri. Ni wakati nilikuwa nimepoteza yote.

Mama Wanja aliachiliwa bila kosa. Mimi nilihukumiwa kufagia soko kwa miezi mitatu, na nilifagia, mpaka mbele ya kile kibanda, na watu wakinirushia maneno. "Angalia huko, mende anafagia!" Nilistahili.

Lakini leseni mpya ya Mama Wanja ilitoka mwisho wa Februari. Wazazi walikuwa wameshanunua sweta kwingine. Msimu wote ulimpita. Sitawadanganya kwamba Mungu aliurudisha. Alikopa unga kwa majirani, na kilemba hakukitoa. Mimi nikimpelekea kitu, anapokea, anasema asante, hasemi mwanangu.

Mwaka huu nilirudi kwa yule karani mzee. Nimepanga mahali padogo pale Thika, mwenye nyumba ameniandikia barua, wamekuja wamekagua, jina la biashara nimeandikisha Nairobi. Ilichukua wiki saba. Wiki saba tu, ndugu zangu! Kwa wiki saba niliuza mtu. Karani alinipa leseni akasema, "Soma jina kama liko sawa." Nililisoma nikalia pale dirishani, na watu kwenye foleni wakanuna.

Jumapili iliyopita nilimwonyesha Mama Wanja hiyo leseni nje ya kanisa. Sikutaka anisifu. Nilitaka aione. Aliishika mbali na macho, halafu karibu. Alipitisha kidole kwenye jina langu, polepole, kama anayehisi kama kuna gundi. Halafu akanirudishia akasema, "Iweke mahali mvua haifiki." Akaenda zake. Na mimi nimelibeba neno hilo wiki nzima, sijui kama ni msamaha. Nangoja. Sitamharakisha tena.

Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha nifanikiwe katika uongo wangu. Nawashukuru ninyi mliokaa kwenye benchi moja nami wakati hamkutaka. Na wewe unayesoma, kama kuna mtu anayebeba kosa lako sasa hivi, anaelezea watu jambo asilolijua, mtumaini Bwana uende. Usingoje ujisikie vizuri, mimi sikujisikia vizuri. Nenda leo, kabla huyo mtu hajasema mbele ya watu kwamba labda ni mende.