Fundi Masikio na Waya wa Kitambaa cha Pazia

Karatasi hii ilitakiwa iandikwe na mtu mwenye shule yake, na katika ukoo huu wenye shule wamejaa tele, lakini walipoulizwa nani ataandika, mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, mwingine akakumbuka ana simu ya kupiga, na wa tatu akasema kwa upole wa kinafiki kwamba bibi mjane ndiye aliyeishi na marehemu, basi bibi akaachiwa kalamu, yeye aliyeacha shule darasa la tatu akiwa bado anaandika herufi kubwa kama matofali, kwa hiyo mwenye kutaka maneno ya kupambwa asubiri msiba mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana ukuta na mashine ya kusaga nafaka, baba akiwa msagaji wa mashine hiyo na mama akiwa mshona nguo, na mama mtu alikuwa akisimulia kwamba kitoto kile kililala fofofo mashine ikinguruma, ila ikinyamaza tu kinaamka na kuangua kilio, hivyo tuseme alianza kazi ya kusikiliza mota kabla hajaota meno. Mwaka 1964, wazazi wakiwa wamekata tamaa ya kupata mwingine, akazaliwa mdogo wake wa pekee, huyu ambaye mtaa mzima mnamwita Kinyozi, na wazazi walipofariki wakifuatana, marehemu akabaki baba na mama wa mtoto huyo, akamwogesha, akamsomesha, akamnunulia mkasi wake wa kwanza, na mke wa marehemu alipoolewa alimkuta mtoto huyo keshazoea kula sahani moja na kaka yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na alichapwa sana kwa kosa la kutosikiliza, ilhali taabu yake ilikuwa kusikiliza kupita kiasi, kwani mwalimu akisema majira ya mvua, yeye yuko na feni ya darini inayokwaruza. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme wa mota, akahitimu mwaka 1968, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika karakana ya kiwanda cha nguo. Huko ndiko alikopewa jina la Masikio, kwa sababu mota ikileta matata hakukimbilia kuifungua, aliweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mota na mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama anayeambiwa siri, kisha akasema beringi ya nyuma imekauka, na wakifungua wanakuta ni ya nyuma, na imekauka. Jioni alikuta watu wamemsubiri getini na feni zao, pampu zao, cherehani zao za umeme, wala hakumfukuza mtu, na chakula chake nyumbani kikawa kinapoa kila siku ya Mungu.

Tarehe 6 Juni 1973 alifunga ndoa na mpishi wa kantini ya kiwanda, baada ya kumsumbua kwa muda mrefu kwamba feni iliyo juu ya sufuria zake itaanguka, naye mpishi akamjibu kama yeye ni daktari wa feni basi apande akaitibu na aache kuzuia foleni, akapanda kweli, na kushuka hakushuka tena katika maisha ya yule mwanamke. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa, mwana wa kati na kitinda mimba, na wote watatu wako hapa, wamekua, wamenenepa.

Wale mliofika nyumba ile miaka hiyo mnaikumbuka sebule yenye sakafu ya saruji nyekundu, na kabati ambalo juu yake kilikaa chombo cha santuri, na amplifaya aliyoiokota imekufa akaifufua, na spika mbili ambazo makasha yake aliyatengeneza mwenyewe kwa mbao za milango mikuukuu, moja ikiwa bado na alama ya kitasa. Jumapili mchana madirisha yalifunguliwa, jirani wa kulia akaja na mboga zake azichambulie barazani kwetu, jirani wa kushoto akaja bila kitu, watoto wakacheza miguu mitupu, na marehemu, ambaye mwili wake wote ulikuwa mgumu kama ngazi, alimshika mkewe kiuno akazunguka naye taratibu, akihesabu hatua kwa midomo, na kama kuna kitu mjane anakitamani leo ni ule mkanyago wa kidole chake kidogo, maana hakuna Jumapili marehemu aliyoukosa.

Mwaka 1998 alianza kulalamika kwamba chini ya muziki kuna mngurumo, mdogo tu, kama mtu anayesali chumba cha pili, na kwamba ubaya uko kwenye waya unaoleta umeme kutoka ukutani. Akachukua vipande vya waya mnene wa mashine vilivyotupwa karakanani, akavisuka vitatu kama nywele, akavivisha kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mkewe bila kuomba ruhusa, akafunga na plagi mpya yenye meno ya shaba, ule waya ukawa kama nyoka aliyemeza sungura akavaa gauni. Alipouchomeka akakaa chini, akasema mwimbaji alikuwa amesimama nyuma ya mlango, sasa ameingia ndani. Mkewe alisikia wimbo uleule wa jana, na hakumficha.

Kinyozi, aliyekuwa na kibanda chake cha kunyolea pale kona, ambako nywele zilikatwa kidogo na watu walikatwa sana, akapata mahubiri. Aliwaambia wateja kwamba umeme unatoka huko mbali, unatambaa juu ya nguzo kwenye waya wa kila aina, halafu kaka yake anadai kile kipande cha mwisho ndicho kinachotia utamu, ni sawa na kuosha mdomo wa bomba ili mto mzima uwe na ladha ya sukari. Watu wakacheka mpaka povu likawaingia machoni. Jumapili moja ya Agosti 1999 akaja nao nyumbani, wamejaa sebuleni hadi kwenye mikono ya viti, akatangaza mtihani: amplifaya itawekwa nyuma ya pazia, yeye Kinyozi ataketi hukohuko na waya zote mbili, kila mara atachomoa, kisha atachomeka mwingine au uleule apendavyo, bila mtu mwingine kuona, na kaka yake aseme kila mara ni upi, mnene au mwembamba.

Marehemu alikubali kama mtoto aliyeitwa kwenye mchezo. Aliketi, akafumba macho, akasikiliza, akasema mnene, kisha akasema mwembamba, kisha mwembamba tena, akaendelea hivyo bila haraka mpaka wimbo ulipokwisha. Kinyozi akatoka nyuma ya pazia akiwa ameushika ule wa kitambaa mkononi kama nyoka aliyeuawa.

"Kaka, sikio halipiti kichwa," akasema. "Huu sikuuchomeka hata mara moja. Muda wote ulikuwa unasikia ule wa zamani."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Marehemu aliuliza neno moja tu, "Kweli?" na mdogo wake akajibu, "Kweli, kaka." Hakubisha, hakwenda kukagua, alimwamini, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea.

Siku ya pili kazini aliweka bisibisi sikioni, kisha akamwomba mwenzake naye asikilize, jambo ambalo hajapata kulifanya. Haukupita muda akaomba ahamishiwe stoo, akawa wa kugawa balbu na glavu hadi alipostaafu mwaka 2004. Waliokuja na feni aliwaambia waende kwa mwenye vipimo, kwani yeye anasikia vya kwake mwenyewe. Vile vyombo vya muziki alivifunika shuka, na waya zote mbili akazitupia juu ya kabati. Jumapili ikawa siku ya kufua, jirani akachambulia mboga kwake, na mkewe akifungua redio ndogo ya jikoni marehemu alitoka uani, akasimama akitazama kamba ya nguo. Mkewe alijaribu matusi, akajaribu na upole, ambao si kazi yake, yote hayakufaa. Na muda wote huo Kinyozi alikuja kumnyoa, akiyakunja masikio yale kwa kidole ili wembe upite, na hakusema kitu.

Mwaka 2019 figo za marehemu zilianza kugoma, na mwezi Februari akalazwa. Kinyozi alikuja wodini na beseni lake, akawa amemaliza shavu moja, marehemu akasema polepole kwamba feni iliyo juu ya kitanda cha jirani anaisikia kama itang'oka, ila asiwasumbue wauguzi, masikio haya ni mashahidi wa uongo. Wembe ukasimama hewani.

"Kaka, ulipata zote," Kinyozi akasema.

"Zote zipi?"

"Za waya. Nilibadilisha, nikaacha, nikabadilisha tena, hukukosa hata moja. Nilishawaahidi wale watu kicheko, nikaona aibu kutoka mikono mitupu."

Marehemu alifumba macho hata mkewe akainuka kumtazama kama bado anapumua. Hakupaza sauti.

"Ulinisema mbele za watu," akajibu. "Utanitoa hukohuko, mbele za watu walewale, kwa kinywa chako." Kisha akageuza uso. "Haya, malizia na upande huu."

Mwezi Machi aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaagiza shuka ifunuliwe, akaifungua plagi ya ule waya mwembamba, akakuta jino moja limelegea na kuungua jeusi. Akacheka, akasema kumbe hata Kinyozi alikuwa na nusu ya haki, unene si kitu wala gauni si kitu, mngurumo ulitoka kwenye jino lile bovu. Akaufunga waya mwembamba plagi nzima, akasikiliza mmoja, akasikiliza mwingine, akasema sasa hawezi kuzitofautisha kabisa, na mkewe hajapata kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa kushindwa. Madirisha yakafunguliwa tena. Hakuweza kusimama kucheza, lakini alimshika mkewe mkono akamhesabia hatua akiwa kitini, na fundi mmoja wa karakana akamletea pampu, akaisikiliza, akautaja ugonjwa wake.

Kinyozi aliambiwa awaite wale watu, akasema Jumapili ijayo, Jumapili ikifika fulani amesafiri, fulani anaumwa jino, fulani hana nauli, na marehemu akawa anauliza tu, "Wamekuja?" Alirudishwa hospitali mwezi Mei, na akafariki tarehe 17, asubuhi, kabla hawajaja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyeita fundi wa feni bila kubishana na mgonjwa, majirani waliokesha nasi na kuleta viti, vikirudi vyote tutashangaa, na wafanyakazi wenzake wa karakana, waliotuletea ile bisibisi yake kutoka sandukuni. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na mdogo wake. Pumzika, Masikio, mahali ambapo hakuna kinachokwaruza, na kimya hicho kisikuamshe.

Waliokuwa sebuleni siku ile leo wamekuja wote, msiba umewaita aliposhindwa kuwaita mwenye kibanda. Wajomba walitaka karatasi hii isomwe na mwenye sauti nzuri, mjane akakataa, kwa hiyo aliyesimama mbele yenu akiisoma ni Kinyozi mwenyewe, na mstari unaofuata ameambiwa ausome akiwa ameinua uso, kisha aketi: kaka yangu alisikia sawasawa mara zote, mimi ndiye niliyesema uongo.