Mzee Filimbi na Siku Aliyofungiwa Stoo

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, kiti cha mlangoni katika karakana ya sare za shule kilikuwa kitupu. Mwenye kiti, msimamizi mstaafu aliyejulikana kama Mzee Filimbi, alifariki Jumapili. Cherehani zilianza kwa wakati.

Kuanza bila yeye. Hilo ndilo alilolihofia miaka mingi.

Alisimamia karakana ile miaka thelathini na minne. Enzi hizo usimamizi ulikuwa mambo manne: kupanga, kugawa kazi, kuongoza na kukagua. Yote manne yalikaa kichwani mwake, na filimbi ikakaa mdomoni. Filimbi moja, anzeni. Mbili, pumzikeni. Tatu, kuna mtu kashona mfuko nje ndani.

"Hata chai alinipulizia," asema mjane wake. "Nikamwambia, baba watoto, mimi si cherehani."

Kisha wakaja wataalamu, wakashauri wafanyakazi nao wapange. Mzee akaguna. "Paka akiondoka, panya hutawala. Mtaona."

Kesho yake akatuma habari kwamba anaumwa. Kumbe kajibanza stoo, nyuma ya majora ya vitambaa, awafumanie wakizembea. Majora yenyewe laini. Usingizi ukampitia.

Mkata vitambaa, mama asiyecheka ovyo, anakumbuka: "Tulikaa, tukagawana kazi, tukakaguana. Sare mia mbili zikaisha saa tisa. Tukafunga, tukaondoka."

Wakamfungia. Alipozinduka akapuliza filimbi mara nne. Mlinzi alikawia, maana filimbi nne hazikuwa na maana yoyote.

"Mzee, si unaumwa?"

"Nimepona. Wamemaliza?"

"Tangu saa tisa, mzee."

Asubuhi alimkabidhi mkata vitambaa chaki na ubao. "Pangeni nyinyi. Mimi niambieni mnachokosa." Filimbi akaitundika ukutani. Kazi ni zilezile nne, wasikilizaji. Zilihama mikono tu.

Binti yake anasema: "Baba aliogopa kwamba akiachia, ataachwa. Lakini hata alipostaafu walimfuata kwenye kiti chake pale mlangoni kumuuliza mambo. Mengine walikuwa wanayajua."

Kwa mjane, binti na wanakarakana wote, poleni sana. Nasi tunaosimamia watu, tujiulize: tukisinzia leo, kazi itabaki macho?

Tangu siku ile walipomfungia, kabla ya kufunga, mkata vitambaa huchungulia stoo na kuita, "Mzee, umo?" Jumatatu aliita. Kesho pia ataita.