Vijiko Viwili kwa Mtoto wa Miezi Minane

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Naitwa Rehema, mzaliwa wa Masasi, fundi wa kompyuta hapa Kariakoo. Nimesimama mbele yenu, na ninalolisema si la kujisifu. Ni la aibu. Lakini Mungu amenitoa humo, siwezi kunyamaza.

Ndugu zangu, nilikuwa na kiburi. Sikunywa pombe, sikuiba, kwaya sikukosa. Kiburi changu kilikuwa cha kazi. Nilikuwa fundi kwenye duka la dawa la Mama Bhavna, Mhindi wa Upanga, mama mcha Mungu katika dini yake, aliyenipokea kama mwanawe. Programu ya duka ilikuwa ya zamani, inachapa lebo za chupa vibaya, maneno yanakatika katikati. Walioitengeneza wakasema tusubiri. Mimi nikasema, ya nini kusubiri?

Programu ile haiamki yote kwa mara moja. Huita vipande vyake kimoja kimoja kadiri inavyovihitaji, na sisi mafundi tunaviita moduli. Nikaandika kijiprogramu changu, nikakiweka njiani kama mlinzi getini. Moduli ikiitwa, mlinzi wangu anaisimamisha, anabadilisha mistari fulani ndani yake, ile inayopanga maandishi ya lebo, kisha anaiacha ipite. Programu yenyewe haijui kama imeguswa. Lebo zikatoka safi! Mama Bhavna akaniuliza, "Umefanyaje?" Nikamjibu, "Nimerekebisha tu, mama." Sikumwambia mtu. Nilipenda kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Na kosa likawa hapa: nilimwamuru mlinzi yule aguse moduli yoyote ambayo jina lake linaanza na neno "lebo".

Asubuhi moja ya masika, wenye programu wakatuletea moduli mpya ya kupanga dozi za watoto. Wakaiita "lebo ya watoto". Mmeshaona, ndugu zangu? Mlinzi wangu akaikamata! Akabadilisha mistari aliyozoea kuibadilisha, ila humo ndani mistari ile haikuwa ya maandishi. Ilikuwa ya dozi.

Kabla ya adhuhuri Mama Bhavna akaniita kaunta. Alikuwa ameshika chupa ya dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi.

"Rehema, soma hii. Vijiko viwili? Huyu mtoto mdogo, anatakiwa nusu kijiko!"

Nilijua pale pale. Na mdomo wangu ukasema, "Ni hawa waliotuletea moduli mpya, mama. Wapigie wao."

Akawapigia. Akawa anabishana nao kwenye simu, nao wanaapa kwao iko sawa. Na kweli kwao ilikuwa sawa! Nikaingia stoo, nikasimama katikati ya maboksi, jasho linanitoka. Sauti moja inaniambia, mwondoe mlinzi sasa hivi, nani atajua? Lakini nilikumbuka kitu. Mlinzi wangu alikuwa anaandika saa ya kila lebo aliyoipitia. Orodha ile ilikuwa kwangu tu. Nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua ni chupa zipi zimeshatoka.

Nikaomba maneno matatu tu: Yesu, nipe mdomo. Nikatoka, nikamshika Mama Bhavna mkono ule wenye simu.

"Mama, kata. Si wao. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Uso wake ukabadilika rangi. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kulia utalia baadaye. Ngapi zimetoka?"

Tatu. Tukalinganisha saa na daftari la wateja. Wawili walikuwa na namba za simu, tukawapata, walikuwa hawajafungua chupa. Wa tatu hakuwa na simu. Iliandikwa tu: Mama Shamimu, Jangwani, mtoto miezi minane.

Mama Bhavna akafunga duka mchana kweupe. Tukachukua bajaji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Jangwani maji yamejaa, bajaji ikagoma. Tukashuka. Mama yule, sari yake kaikunja magotini, tunakanyaga tope, tunauliza nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Shamimu wapi? Wa huku hawamjui, wa kule wanatuelekeza kwingine. Kila dakika nahesabu vijiko kichwani. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa anachota maji ya mafuriko sebuleni kwake akatuonyesha mlango wa bluu.

"Shikamoo mzee, asante!" Hata marahaba yake sikuingoja.

Tulimkuta Mama Shamimu anafua. Akatucheka tulivyolowa. Akasema, "Karibuni. Dawa yenu nzuri jamani, mwanangu leo kalala moja kwa moja."

Ndugu zangu, sijawahi kusikia neno la kutisha kama lile.

Tuliingia ndani. Tukamwita mtoto, tukampapasa, tukampiga nyayoni. Kimya! Anapumua, lakini taratibu mno. Mama yake akapiga yowe. Nilimbeba nikakimbia kwenye maji yale mpaka barabarani, bajaji nyingine ikatupeleka hospitali. Daktari akauliza amekunywa nini. Nikamwambia dawa, kiasi, na saa, vyote, bila kupunguza neno. Akasema, "Mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Tukakaa kwenye benchi. Mama Shamimu anavuta tasbihi, Mama Bhavna anaomba kwa lugha yake, mimi namlilia Yesu. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikasikia kilio cha mtoto, kikali, cha hasira! Haleluya!

Mama Shamimu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeharibu?"

"Ni mimi, dada."

Hakusema amenisamehe. Alimchukua mtoto kwa nesi, akamtuliza, kisha akanipa mimi. "Nishikie, nikanawe uso."

Pale ndipo nilipolia, ndugu zangu.

Mlinzi wangu nilimfuta siku ile ile, mbele ya Mama Bhavna. Namshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto yule, na kwa kunifungua mdomo. Na wewe uliyekaa hapo, unayejua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua, na mtu anaweza kuumia kwa ukimya wako: usingoje hofu iishe ndipo useme. Mimi hofu haikuniishia. Nilisema nikiwa nayo, na Bwana akanishika. Mwamini, atakushika na wewe. Inuka, nenda ukaseme leo. Amina!