Mama Rose na Kaya za Mkorosho Mmoja

Tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Bi. Devotha Alfredi, Mama Rose wetu, anastaafu kazi ya takwimu hapa Newala. Sisi tunasema umri umefika. Yeye anashuku kuna mtu anakitaka kiti chake.

Alikuja kutoka Singida, akaanzia Masasi kabla ya kupanda huku juu. Kazi yake ilikuwa kukadiria kaya: za mume na mke, za wajane, za wapangaji, za bibi na wajukuu. Hakumwamini mtu. Bibi mmoja wa Lulindi alipomwambia anaishi peke yake, Mama Rose alishukuru kwa adabu, kisha akatupia jicho kamba ya nguo. Imejaa sare za shule! Bibi naye alishuku wageni wamekuja kumnyang'anya wajukuu. Waliagana wamenuniana.

Lakini mtu aliyemshuku kuliko wote ni yeye mwenyewe. Mtaa wa Mkorosho Mmoja ulikuwa ukisubiri bomba la maji, na bomba lingepelekwa kwenye mtaa wenye kaya nyingi. Mama Rose alikwenda jioni, akauliza kama kawaida nani wanakula pamoja. Kina baba walimjibu kwa ukweli kabisa kwamba wao majirani hula jamvi moja, kila mke akileta sahani yake. Akaandika kaya chache, kubwakubwa. Bomba likaelekezwa kwingine.

Usingizi ukamgomea. Kama kaya ni chache, moshi wote ule aliouona jioni ukifuka kila ua ulikuwa wa nini? Alirudi asubuhi, safari hii akawauliza kina mama nani anapika kwenye jiko lake mwenyewe. Kaya zikawa zaidi ya maradufu. Ofisini ikanong'onwa kwamba amehongwa kuku. Mama Rose alisimama kikaoni akasema makadirio ya kwanza yalikuwa kosa lake, na kama kuna wa kuadhibiwa, aadhibiwe yeye, si mtaa. Alipewa onyo kali. Mtaa ukapewa bomba.

Siku hizi amejenga hukohuko. Kina mama wakimwona na ndoo yake, wanampisha mbele ya foleni. Anatusimulia kwa uso mkavu kwamba wanawake wale lazima wana jambo lao.

Mama Rose, hawana jambo. Wanakupenda tu, nasi pia. Asante kwa yote. Kachote maji yako, ustaafu kwa raha.