Upande wa Chini wa Kola ya Bi Una

Bisheni. Nawaambia bisheni, nyote wawili, wewe Torquil uliyetoka kanisani sasa hivi na zaburi bado imekuganda mdomoni, na wewe Effie unayejifanya kukunja shuka kumbe unafuta machozi: bisheni kama kuna fundi mwingine, kutoka bonde hili mpaka mjini Inverness, anayeweza kukata koti la kike la kuwindia, la twidi nzito ya sufu, miraba ikakutana begani na mfukoni na mgongoni kana kwamba kitambaa kimeota mwilini mwa mtu. Niliacha shule nina miaka kumi na miwili, mwalimu akatangaza mbele ya darasa kwamba Farquhar Gillanders ataishia kuchunga kondoo wa watu; leo suruali ya mwalimu huyo nimeishona mimi, na kiunoni nimembana makusudi. Cheka, Effie, cheka tu, mimi mwenyewe nikicheka nakohoa.

Sikilizeni, wadogo zangu. Miaka ishirini na saba si umri wa kutoa wosia, najua, lakini baba na mama wametangulia, mkubwa wenu ni mimi, na kesho kabla hakujapambazuka gari la wagonjwa litasimama pale mlangoni. Watanitoa mbavu saba za kushoto ili pafu bovu, lenye kifua kikuu, linywee lipumzike. Watanikata nikiwa macho, wamenidunga sindano ya ganzi tu, nikisikia chuma kinavyofanya kazi. Mimi nimekata vitambaa miaka kumi na mitano na sijawahi kujiuliza kitambaa kinasikiaje. Sasa najiuliza. Naogopa, Torquil. Usiangalie dirishani, niangalie mimi. Naogopa mpaka vidole vya miguu vimekufa ganzi kabla ya sindano yenyewe. Lakini mbavu ni zangu, nitazibeba mwenyewe. Kinachoninyima usingizi tangu juzi ni kingine: kesho hiyohiyo asubuhi Bi Una Matheson anapanda mlimani na wageni wa bwana mwenye mlima, amevaa koti nililomshonea, na koti lile linaweza kumuua.

Ngojeni, msinikatize, nitafika. Niacheni kwanza nigawe, nisije nikaishiwa pumzi kabla ya kugawa.

Duka ni la Effie. Usikunje uso, Torquil, wewe ukishika sindano unaonekana kama ng'ombe aliyepewa kijiko. Effie achukue mkasi wa baba, cherehani, pasi zote mbili na meza ya kukatia, na yeyote atakayesema mwanamke hawezi kuwapima wanaume miguu, mwambieni aje anipime mimi kwanza. Torquil chukua nyumba, kondoo na shamba la viazi, ila chumba cha juu kibaki cha dada yako hata akiolewa, hata akiolewa na yule mpuuzi wa posta. Mzee Finlayson wa jirani, ambaye hatujasemezana naye tangu kondoo wake walipokula kabichi za mama, mpeni habari kwamba nimemsamehe, lakini mpeni baada ya gari kuondoka, nisije nikamwona amefurahi.

Haya. Sasa koti.

Mnajua desturi ya hapa. Kila mwaka bwana hutoa jora la twidi ya mlima wake, na sisi tunawashonea watu wake wa mlimani, na rangi ya twidi hiyo ni mlima wenyewe: kahawia ya majani makavu, kijivu cha mawe, uzi mmoja wa zambarau. Mtu akilala chini umbali wa hatua mia humwoni, na kulungu naye hakuoni, ndiyo maana yake. Lakini bunduki ya mgeni nayo haikuoni. Mwaka ule mpagazi wa mlimani alipopigwa risasi ya mkono kwa kudhaniwa kulungu jike, baba alikaa pale mezani siku nzima, kisha akachukua sufu nzito nyekundu akaishona upande wa chini wa kola. Ukiwinda, kola imelala, wekundu haupo. Kulungu akianguka nawe unatangulia kumfuata peke yako, unainua kola, na kila mwenye bunduki anakuona ni binadamu. Tangu siku ile hakuna koti la mlimani lililotoka mlango huu bila wekundu. Hakuna.

Isipokuwa la Bi Una.

Alikuja mwezi uliopita. Tangu Eachann mume wake afe, kazi ya kuongoza wawindaji anaifanya yeye, na alikuwa anavaa koti la marehemu, mikono imekunjwa mara mbili, mabega yananing'inia. Akasimama pale dukani akaniambia, "Wewe kijana, nishonee koti la mwanamke anayepiga bunduki, si la mwanamke anayepigwa picha." Nikamwambia, "Bi Una, nitakushonea koti ambalo hata kulungu watakuja kuuliza fundi ni nani." Akasema, "Mdomo wako ungeshona, ungekuwa tajiri."

Basi nilishona, wadogo zangu! Twidi niliilowesha nikaianika kivulini siku mbili, ili mvua ya mlimani isije ikailamba ikaisinyaza. Nyuma ya kila bega niliweka mkunjo uliofichwa, unafunguka akiinua bunduki na kujifunga akishusha. Bitana sikuweka hariri, hariri inanong'ona na kulungu ana masikio. Niliweka pamba laini. Vifungo vya pembe, visivyong'aa. Kifuani nilipunguza kidogokidogo kwa mvuke wa pasi, bila kukata, mpaka kitambaa kikakubali kwamba huyu ni mwanamke. Na kola nikaigeuza, nikaikatia upande wa chini twidi ileile, miraba ikaendelea kutoka mgongoni mpaka shingoni bila kuvunjika hata uzi mmoja. Sufu nyekundu ilikuwa imeisha. Nilijiambia nitaiagiza, nitaibandika baadaye. Kisha damu ikaanza kunitoka kifuani, mkanilaza huku, na juzi Ijumaa alipokuja kulichukua nikalitoa hivyohivyo.

Sasa kesho ni siku yake ya kwanza nalo. Atainua kola na atatembea wima mbele ya bunduki tatu, hana wasiwasi, kwa kuwa anaamini anaonekana. Mngekuwa ninyi mngelala?

Kwa hiyo ondokeni sasa hivi. Si kesho, sasa. Maili nne mpaka kwake, giza halijaingia. Najua leo ni Jumapili, Sabato yetu, Torquil. Najua katika nyumba hii mkasi haujagusa kitambaa siku ya Bwana tangu enzi za babu, na Mzee Finlayson atatoa pua dirishani akiona Effie amebeba kikapu cha kushonea. Mwache aione.

Unasema nini? Sema kwa sauti. "Kaka, unatutuma dhambini." Ndiyo, nakutuma. Wewe unaongoza zaburi kwa sauti ya kutikisa madirisha, basi ukifika kwake kaa mlangoni uombe huku dada yako akifumua, na dhambi iandikwe kwangu, mimi kesho naweza kuwa mbele ya Mwandishi mwenyewe nikamweleza kazi ilikuwa ya saa moja tu.

Na msimwambie tu asilivae. Atalivaa. Lile la Eachann nililifumua mimi nione lilivyokatwa, na mlimani theluji imeshaanguka. Lazima mshone. Effie, sindano fupi, uzi uliopitishwa kwenye nta, mishono midogo, usivute sana, kola ikivutwa hujikunja. Sufu nyekundu iko droo ya tatu, chini ya chaki. Ipo ya kutosha.

Nipe maji. Hapana, kidogo tu.

Njooni karibu niwashike. Mungu wa baba yetu awatangulie njiani. Effie, mkono wako usitetemeke, na duka lako lisikose mteja hata siku ya mvua. Torquil, sauti yako isikauke, na upate mke atakayekucheka, unahitaji sana. Msigombane. Nisiporudi, msinizike na koti zuri. Mpeni mtu... alivae. Haya. Nendeni.

Mbona umesimama, Effie?

Usiniangalie hivyo na sufu mkononi. Ndiyo. Nilisema iliisha. Haikuisha... Ilikuwa mezani siku ile, mbele yangu. Niliiweka kwenye kola nikaona inaharibu kazi yangu, kitu chekundu kama kidonda juu ya koti bora nililowahi kushona, na nikajua huenda ndilo la mwisho. Nilitaka watu waliangalie waseme... Farquhar.

Na si hilo tu. Funga mlango, baridi inaingia. Ijumaa alilivaa hapa chumbani, mbele yangu. Akainua kola. Akageuka mgongo, nami nimelala hapa hapa, akaniuliza, "Wekundu unaonekana vizuri?" Mtu haoni kisogo chake mwenyewe. Akayategemea macho yangu. Alikuwa anatabasamu, Effie, tangu Eachann afe sijaona...

Nikamwambia, "Unaonekana, Bi Una. Unawaka kama moto."

Mwambieni hilo pia. Kimbieni.