Majani Niliyojifukiza kwa Ajili ya Kavata

Bwana asifiwe! Asifiwe hapa Kabati, asifiwe na huko kwetu Kyuso nilikotoka jana! Mimi naitwa Syokau, na wengi mnanijua kama Mama Mwende. Nikikohoa katikati ya maneno, nivumilieni, nitaendelea. Mchungaji amenipa nafasi niseme yale Mungu amenitendea, na nimemwahidi kwamba sitaficha kitu.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke wa wivu. Sisemi ule wivu wa kununa siku mbili halafu unasahau. Nasema wivu wa kuamka nao na kulala nao.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mume wangu, Musyoka, alikuwa amekwenda Kibwezi kufanya kazi katika mashamba ya kumwagilia maji. Nilikuwa nimemzalia mtoto mmoja tu, binti yetu Mwende, kisha tumbo likafunga. Siku aliyorudi nilimpikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kuku. Nikamwona anakuja, na nyuma yake msichana amebeba sanduku la bati kichwani. Musyoka akasema tu, "Huyu ni Kavata. Atakaa hapa na sisi." Hakuniuliza, hakunieleza. Akaketi, akala chakula changu, na yule msichana akala.

Kavata alinisalimia akiwa ameinamisha kichwa, akaniita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyomwita mwanamke mkubwa kwa heshima. Alikuwa ameokoka tangu utoto, na kila asubuhi nilimsikia akiomba. Mngedhani hayo yangenipoza moyo. Wapi! Heshima yake ilinichoma kuliko matusi. Angekuwa mbaya ningepata raha.

Musyoka akamjengea nyumba, akaiezeka mabati. Yangu ilikuwa ya nyasi. Mvua ikinyesha nilisikia yale mabati yakipiga kelele, nikajiona ninachekwa na nyumba! Nikaanza kuhesabu siku alizolala kwake. Nikahesabu hata mara alizocheka akiwa huko. Ndugu zangu, niliishi na yule mwanamume miaka tisa bila kujua kwamba anaweza kucheka vile!

Kilichonimaliza kabisa ni Mwende, mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe. Alianza kwenda kula kwa Kavata. Nikamshika mkono siku moja, nikamwuliza, "Kwani kwangu hakuna chakula?" Alikuwa na miaka saba. Akaniangalia, akasema, "Mama, huko hakuna mtu amekasirika."

Nilimchapa. Mungu anisamehe, nilimchapa kwa sababu alisema ukweli.

Basi sokoni Kyuso kulikuwa na mwanamke muuza tumbako. Akaniona nimekonda, akaniita nyuma ya kibanda chake, akanipa majani yamefungwa kwenye karatasi ya kaki. Sitadanganya kanisa: nilijua ni bangi. Nikamwambia mimi ni mama wa watu, siwezi kuonekana nikivuta bangi. Akacheka. Akasema, "Nani amekuambia uvute? Moshi unakwaruza koo na watu wanausikia. Wewe jifukize, kama mtu mwenye homa. Mvuke haudhuru."

Nikaamini. Kila alasiri, Kavata akienda mtoni na punda kuchota maji, nilifunga mlango wa jikoni. Nilipasha mawe moto, nikayatia kwenye sufuria kuukuu, nikaweka majani juu yasiwake, nikainama na kujifunika blanketi. Na ni kweli, mwanzoni moyo ulitulia. Kwa muda mfupi Kavata hakuwa duniani. Sikuona mabati wala sikusikia kicheko. Nilitoka chini ya lile blanketi nimelegea kama nguo iliyofuliwa.

Lakini kesho yake Kavata alikuwa bado yuko! Na mimi nilirudi kwenye sufuria.

Kisha koo likaanza kuwasha, kama nimemeza makapi ya mtama. Nikanywa maji, nikanywa uji, wapi. Kikaja kikohozi kikavu, cha kukata mbavu. Kifua kikaanza kupiga filimbi nikipanda hata mlima mdogo. Na unajua nilifanya nini, ndugu yangu? Nilijifukiza zaidi, nikidhani ule mvuke utalainisha koo! Shetani ana madharau.

Wakati huo Kavata akawa mjamzito. Tumbo lake lilipoanza kuonekana, nilipandwa na kitu ambacho sina jina lake. Nikamwendea Musyoka, nikamwambia, "Huyu mwanamke wako ameniroga. Amenifunga koo ili nife, yeye abaki na boma peke yake." Alikataa mara ya kwanza. Alikataa mara ya pili. Lakini alinisikia nikikohoa kila siku, na akaingiwa na hofu.

Akamwita Kavata uani, mbele yangu.

"Mama Mwende anasema umemroga."

"Sijamroga, Baba Mwende. Naomba Mungu wangu, sijui uchawi."

"Basi anakohoa nini?"

Kavata akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu mpaka nikageuza uso. Akasema, "Mimi sina la kusema."

Musyoka akakasirika kwa kule kunyamaza. Akatamka kwamba tukimaliza kuvuna ndengu atamrudisha kwa baba yake Kibwezi, na mimba yake. Kavata akaingia ndani bila kulia. Na mimi, wapendwa, nilifurahi! Niliimba nikisaga unga, na sauti imekwisha.

Siku ya kuvuna ilifika. Musyoka alikuwa amepeleka mbuzi mnadani. Mimi niliamka na furaha ya kwamba zimebaki siku chache, nikajifukiza asubuhi hiyo kabla ya kwenda shambani, na nikaweka majani mengi kuliko siku zote. Tukaanza kuvuna, Mwende naye akisaidia. Kavata alikuwa upande wake, mimi upande wangu, hatusemezani. Jua likapanda, na vumbi la maganda ya ndengu likapanda nalo. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Halafu nikavuta pumzi, na pumzi haikuja.

Ndugu zangu, mtu akikuambia anaogopa kifo, mwulize kama amewahi kufungua mdomo na hewa ikakataa kuingia. Nilianguka juu ya ndengu zangu. Nilimsikia Mwende akipiga mayowe, "Kavata! Mama anakufa!" Hakumwita mtu mwingine. Hata mimi ningeita nani? Tulikuwa sisi watatu.

Kavata alikuja mbio na ile wilbaro tuliyobebea mavuno. Akamwaga ndengu zote chini, akanipakia humo kama gunia. Alikuwa na mimba ya miezi sita! Akasukuma kutoka shambani mpaka dispensari, kwenye mchanga na mawe, Mwende akikimbia kando yake. Alikuwa akisimama, anashika mgongo, anasema "Yesu nisaidie," halafu anasukuma tena. Na mimi nimelala humo, nahesabu pumzi moja moja, nikijua ninayemwona juu yangu anatoka jasho ni yule niliyemsingizia uchawi.

Pale dispensari nilidungwa sindano, nikaketishwa wima. Pumzi ikarudi pole pole. Daktari, mzee mmoja mpole, akaweka kifaa chake kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. Akaniuliza, "Mama, unavuta nini?"

Nikamwambia, "Sivuti kitu. Sijawahi kushika hata sigara." Ona ujanja wa dhambi! Maneno yangu yalikuwa kweli na mimi nilikuwa mwongo.

Kavata alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, hajawahi kuvuta. Huwa anajifukiza bangi kwenye sufuria."

Yule daktari akaniangalia, akasema, "Mama, mimi si polisi. Mvuke huo na joto lake vinakuchoma koo, na mapafu yako yamechoka. Ukiendelea, siku moja utaletwa hapa na mimi sitakuwa na la kufanya."

Alipotoka nilimwuliza Kavata, "Ulijua?"

"Nilijua tangu mwanzo, mwaitu. Harufu yake inabaki kwenye blanketi na kwenye ile sufuria."

"Na siku ile uani, mbona hukusema? Ulikuwa unafukuzwa!"

Akafuta jasho kwa leso yake. Akasema, "Bangi ni jela. Baba Mwende ana hasira, angepiga kelele, habari ingefika kwa chifu. Ungefungwa. Mwende angebaki bila mama yake."

Ndugu zangu, nililia mpaka kikohozi kikarudi! Wivu wote niliomwonea, nyumba, kicheko, tumbo, na yeye alikuwa tayari kurudi kwao kwa aibu ili mtoto wangu asikose mama. Nikamwambia, "Huyo Mungu unayemwomba asubuhi, niombee kwake." Akapiga magoti kando ya kitanda na tumbo lake lile. Mimi sikuweza kupiga magoti. Nilimpokea Yesu nikiwa nimeegemea ukuta wa dispensari. Haleluya!

Msidhani iliishia hapo. Nilirudi nyumbani, nikamwita Musyoka, nikamweleza yote kwa mdomo wangu: majani, sufuria, na uongo niliomsingizia mke wake. Hakunisemesha wiki nyingi, na alikuwa na haki. Lakini neno la Kibwezi halikutajwa tena. Majani yaliyobaki niliyatupa chooni, na Kavata alikaa na mimi alasiri zile ngumu ambapo mikono ilikuwa ikitafuta sufuria yenyewe. Kikohozi kilichukua miezi kupungua, na mpaka leo vumbi linanisumbua.

Na wivu? Nitasema kweli mbele za Mungu. Haukutoka siku moja na bangi. Kavata alipojifungua mtoto wa kiume, Musyoka alicheka kile kicheko chake, na kitu kikanichoma hapa. Lakini safari hii sikufunga mlango. Nilimwendea Kavata, nikamwambia, "Leo nina wivu na wewe." Akasema, "Tuombe." Tukaomba, na mtoto akiwa mapajani mwangu. Wivu ukisemwa kwa sauti mbele za Bwana unapoteza nguvu. Nimeuona ukipoteza nguvu, mwaka baada ya mwaka.

Namshukuru Mungu kwa pumzi hii ninayotumia sasa! Namshukuru kwa mwanamke niliyemchukia, ambaye alimwaga mavuno yake ili anibebe. Na wewe uliyeketi hapo umefunga mlango wako, una kitu chako cha kukutuliza ambacho hakuna anayekijua, na jina la mtu unayemhesabia kicheko, mwamini Yesu leo. Usiogope watu wa benchi lako. Mwambie huyo jirani yako jina hilo, hata kama jina hilo ni lake. Kisha ombeni pamoja. Mimi nipo hapa mbele, nawangoja.